Nilivyomsaka Mwizi wa Banjo Yangu

Nina digrii, nalinda mlango wa hoteli hapa Dubai, na natunga nyimbo za bluegrass, ile kantri ya banjo tuliyokua nayo redioni Nyandarua. Wimbo wangu unauzwa mtandaoni. Nilijiapiza kuacha ulinzi mrabaha ukianza kuingia, lakini haukuingia hata senti.

Juzi simu ya Juma, dereva wa mgeni, ikalia kwa banjo ya wimbo wangu. Kichwa changu hakijui kutulia. Palepale nikaona genge zima la wezi. Nikamshika mkono mbele ya madam, meneja wetu.

"Kaka, mrabaha wangu uko wapi?"

"Mrabaha gani? Huu wimbo nimepewa na Njeri wa jikoni."

Njeri akaitwa. "Mimi nilipewa na Kamau."

Kamau, mlinzi mwenzangu, alikuja akicheka. "Msomi, si ni wewe ulituzuia kwenye basi la kazi, ukataka kila mtu awashe Bluetooth? Ulisema tusambaze upate jina."

"Khalas, yatosha," madam akasema. "Kwa hiyo mwizi ni nani?"

Simu ya Juma ikalia tena. Juma, Njeri na Kamau wakaitikia kiitikio, neno kwa neno.