Mama Alipoomba Zamu ya Kwanza

Harufu ya maharagwe yanayochemka kwenye moto wa kuni za mikaratusi hunirudisha utotoni haraka kuliko picha yoyote. Mwezi uliopita harufu hiyo ilikuwa ikiingia kila alfajiri chumbani mwetu kutoka kwa jirani, ikipita juu ya ukuta wa matofali unaotutenganisha, nami nilikuwa nimekwisha amka zamani nikigeuza jambo moja upande huu na upande ule kama chapati. Kampuni moja inayonunua kakao huko Beni ilikuwa imenipa kazi. Kwa mtu aliyemaliza chuo cha kilimo na kukaa miezi mingi akiuza vocha za simu Butembo, hiyo ilikuwa habari ya kushukuru Mungu. Lakini kazi ilitaka niwe Beni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na mwanangu Paluku hajafikisha hata miaka miwili. Mume wangu, Kambale, ni fundi wa pikipiki, na karakana yake iko hapa. Alisema atabaki na mtoto. Mimi nilijiuliza nani atamtazama mtoto Kambale akiwa chini ya pikipiki, na je, homa ikimpanda, na je, barabara ikifungwa, na je, akianza kumwita mwingine mama. Nikijibu swali moja, yanazaliwa mawili. Nilipompigia mama yangu simu kumweleza yote hayo, alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema, "Masika, weye ni mutoto wangu kweli. Unakumbuka likelemba ya Mama Kahindo?"

Nilikumbuka. Nilikuwa na umri wa miaka tisa, tukikaa Bulengera, mtaa wa hapa hapa Butembo, katika nyumba ya udongo yenye paa la bati iliyokuwa kwenye mstari mmoja na nyumba nyingine nne. Hapakuwa na kuta kati yetu, ila ua wa maua mekundu ambao kuku, mbuzi na watoto waliutoboa wapendavyo. Ilikuwa miaka ya vita. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na waasi nao walibadilika, hata sisi watoto tulijifunza kutouliza nani anatawala bali ni barabara gani iko wazi. Baba alifundisha shule ya msingi. Mshahara wa serikali ulikuwa hadithi ya kale, kwa hiyo wazazi wa wanafunzi walimlipa kwa walichokuwa nacho, na mara nyingi walichokuwa nacho kilikuwa maharagwe. Mama alikuwa mkunga katika zahanati ndogo ya kanisa letu la Kiprotestanti, mpaka siku ile watu wenye bunduki walipoingia wakabeba dawa, vitanda, hata mlango. Kuanzia hapo Mama alikaa nyumbani, akipanga na kupangua vyombo ambavyo havikuhitaji kupangwa. Aliwaza sana. Akitaka kuosha nguo, aliangalia mawingu, akaanika moja kwanza kama jaribio, akasubiri.

Likelemba, kwa asiyeijua, ni chama cha akina mama wanaoaminiana. Kila mmoja anatoa sehemu yake, na kila zamu mmoja anachukua chote, au kama tusemavyo, anakula, mpaka mzunguko umalizike. Siri yake iko katika mpangilio. Anayechukua kwanza anakula jasho la wenzake kabla hajatoa lake, kwa hiyo nafasi ile hupewa mtu asiyeweza kutoroka. Anayechukua mwisho hana deni na mtu. Wanawake wa mstari wetu walikuwa na likelemba yao tangu kabla sijazaliwa, na kila mara walipopanga zamu Mama alikuwa na ombi lilelile, awe wa mwisho. Hakutaka hata mtu mmoja alale akiwaza kama Mama Masika atalipa. Vita vilipokausha mifuko, walitoa maharagwe badala ya fedha. Maharagwe yalipopungua, walitoa sabuni. Na ilipofika wakati hakuna hata sabuni, chama kilibaki na desturi tu ya kuketi pamoja Jumamosi uani kwa Mama Kahindo. Yeye alikuwa jirani yetu wa karibu kabisa, Mkatoliki wa rozari shingoni, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya bonde, aliyechanganya Kiswahili chake na Kifaransa, mais kwa lakini, donc kwa basi.

Ndipo kazi ya Beni ilipokuja. Zahanati moja huko ilikosa mkunga, na dereva wa lori la mawese alileta ujumbe kwa mdomo kwamba Mama anasubiriwa. Masharti yalikuwa majuma mawili huko, juma moja nyumbani. Leo mtu husema Beni kama anavyosema sokoni, lakini kwangu wakati ule Beni ilikuwa nchi nyingine, ya chini, yenye joto, mbu na askari, na lori lilichukua siku nzima kufika ikiwa vizuizi vilikuwa vingi. Tulikuwa watoto watatu: mimi, mdogo wangu Kavira, na Muhindo, aliyepewa jina hilo kama sisi Wanande tunavyofanya, kwa kuwa alikuja mvulana baada ya wasichana akageuza mfululizo. Muhindo ndiyo kwanza alikuwa ameachishwa ziwa.

"Muhindo atanisahau," Mama alimwambia Baba wakati tukila. "Nitarudia ku nyumba, ataniita tantine, sawa shangazi tu."

"Hawezi kukusahau. Miye niko hapa, nitamukumbusha."

"Na kupika?"

"Miye njo nitapika."

Mama alimtazama kwa upole. "Baba Masika, weye unaunguza hata maji."

Tulicheka, hata Baba. Lakini mimi nilikuwa ninaogopa, na kwa siri niliomba mvua kubwa inyeshe barabara ikatike. Ilinyesha, barabara haikukatika. Dereva alipita tena kuuliza. Mama akasema ajibiwe kesho, na kesho yake akasema tena kesho. Nilimwona akikunja nguo zake, akizitia katika kapu, kisha akizitoa na kuzirudisha kwenye kamba. Sasa najua alichokuwa akikifanya, kwa sababu nami nimefanya vivyo hivyo na begi langu. Wakati ule nilidhani anatafuta nguo iliyopotea.

Jumamosi ilipofika tulikwenda sote uani kwa Mama Kahindo. Wanawake walikuwa wakipukuchua mahindi, na mimi nilikaa nyuma ya Mama nikimshika Muhindo. Habari ya kazi ilikuwa imeshafika kabla yetu, kama ilivyo kawaida ya Bulengera.

"Mama Masika," Mama Kahindo alianza bila hata kumaliza salamu, "kazi inakuya mpaka ku nyumba yako, inapiga hodi, na weye unaifungia mulango. Iko na harufu?"

"Na batoto?" Mama akauliza.

"Batoto banakula bugali. Ku kwako iko bugali, ku kwangu iko bugali. Mais weye unaona haya."

Mama aliendelea kupukuchua hindi lile lile ingawa punje zilikuwa zimekwisha. Mwanamke mwingine, mjane aliyekaa nyumba ya mwisho, akasema kwa utani kwamba wamwache, Mama Masika ni mtu wa zamu ya mwisho, hata mbinguni ataomba kuingia nyuma ya wote. Walicheka. Mama naye alitabasamu, akaliweka gunzi chini, akafuta mikono kwenye kitenge chake. Kisha akasema, kwa sauti ndogo kiasi kwamba Mama Kahindo aliinama kusikia, "Basi leo ninaomba ya kwanza."

Hakuna aliyeelewa mara moja, naye akaeleza. Fedha hakuna, sabuni hakuna. Lakini siku zipo. Kila mmoja atoe siku zake. Watoto wake washinde na kula kwa hawa wenzake wanne kwa zamu majuma mawili, na juma la tatu, akirudi, watoto wote wa mstari watakuwa wake, mama zao waende shambani, sokoni, au walale tu. "Nitachukua kwanza," alisema, "nitalipa nyuma." Kukopa kulimtisha kuliko vizuizi vya askari. Mama Kahindo akagonga kikapu cha mahindi kama hakimu. "Donc hiyo njo likelemba ya kweli," alisema. "Sasa tutakula batoto." Waliosikia barabarani kicheko kilichofuata labda walidhani kuna harusi. Mkono mmoja haulei mwana, wahenga walisema, na siku ile niliihesabu mikono yenyewe, ikiwa na vumbi la mahindi.

Lori lilimchukua Jumatatu. Nililia, Kavira akalia kwa kuniiga, na Muhindo akapunga mkono akidhani ni mchezo. Siku za kwanza Baba alitutia aibu bila kukusudia. Hakutaka isemwe kwamba watoto wa mwalimu wanakwenda kwa watu wakiwa na njaa, kwa hiyo kabla ya kututuma kwa Mama Kahindo alitupikia uji mzito, akatushibisha hadi matumbo yakawa ngoma. Tulifika pale, tukapewa ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, tukachezea tonge mojamoja. Siku ya pili ilikuwa vilevile. Siku ya tatu Mama Kahindo aliinyanyua sufuria yake pamoja na mfuniko, akavuka ua wa maua, akaiweka mbele ya Baba aliyekuwa akisahihisha madaftari.

"Mwalimu, sombe yangu iko na sumu?"

"Hapana, mama. Juu ya nini unauliza vile?"

"Batoto banakuya kwangu banashiba. Mutoto wa likelemba anakuya na njaa. Akikuya anashiba, weye unanitukana mbele ya jua."

Baba aliomba radhi, na ili kuthibitisha aliila sombe ile yote. Tangu hapo tulikwenda na njaa yetu kamili, kama zawadi. Tukazijua nyumba zote kwa vyakula vyake: ndizi zilizopondwa na maharagwe kwa mjane, viazi vya milima ya Alimbongo kwa yule ambaye shemeji yake alikuwa dereva, mchicha wa lengalenga wenye chumvi nyingi kwa yule aliyependa chumvi. Kwa Mama Kahindo tulisali Kikatoliki kabla ya kula, na Jumapili moja kanisani kwetu, mchungaji aliposema tuombe, Kavira alisimama akafanya ishara ya msalaba pana na ya polepole, kama padri. Mchungaji alikohoa. Baba alitazama dari hadi amina.

Mama aliporudi, Muhindo alimtazama kwa muda. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kapu lake, harufu ya mawese na sabuni ya zahanati ikimtangulia, na aliogopa kusogea. Kisha mtoto akasema "Mama," kwa utulivu, kama mtu anayeitikia salamu, akaenda kuangalia kama ndani ya kapu mna nanasi. Lilikuwamo. Juma lile nyumba yetu ilijaa. Walilala watoto kichwa kwa miguu juu ya mikeka, Mama akapika katika sufuria iliyoazimwa kanisani, akatuogesha kwa foleni, akalipa siku zake zote na kuongeza. Nikikumbuka vita sasa, nakumbuka milio ya bunduki mbali upande wa vilima, ndiyo, lakini kabla ya hiyo nakumbuka visigino vya mtoto wa jirani mbavuni mwangu, na joto lake. Mama alifanya kazi Beni kwa mzunguko ule mpaka zahanati yetu ilipopata mlango mpya.

"Basi unauliza miye juu ya nini?" Mama alisema kwenye simu. "Miye nakaa mbali. Uliza jirani yako."

Hapo ndipo penye tofauti. Leo tuna kuta, na juu ya kuta tuna vipande vya chupa. Tuna simu, ninaweza kuuona uso wa mwanangu nikiwa Beni, jambo ambalo Mama angetoa mengi ili alipate. Lakini harufu ya maharagwe ya jirani niliijua, jina lake sikulijua. Barabara ya Beni bado watu huiulizia habari kabla ya kupanda gari. Nilisimama mbele ya geti lake nikiwa nimetunga hotuba yenye sehemu nyingi, na lilipofunguka niliisahau yote. Mama kijana mwenye mtoto mgongoni alinitazama. Nikasema nina kazi Beni, nina mtoto, ninaomba zamu ya kwanza, nitalipa kila Jumamosi. Nilieleza vibaya, nikarudia. Alinisikiliza, akasema, "Hata miye nilikuwa natafuta mutu, mais niliogopa geti yako." Tulikwenda pamoja kugonga geti la tatu.

Nilimpigia bwana wa kampuni mchana uleule, kabla mawazo hayajanizunguka tena, na Jumatatu nilipanda gari. Leo ni Jumamosi yangu ya nne ya kulipa. Maharagwe yameiva kwangu, sebuleni kuna watoto watano, na mmoja tu ndiye wangu. Wanne wamekula wakarudisha sahani. Wa tano anachezea tonge, nimemuuliza, amekiri kwamba mama yake, wa geti la ng'ambo ya barabara, amemshibisha kabla ya kuja. Naiacha kalamu hapa. Nimeshafunika sufuria, ninavuka barabara nayo.