Siku Mama Alipokaa Juu ya Babu

Harufu ya dizeli ikichanganyika na ya mandazi yanayoiva kwenye mafuta hunirudisha moja kwa moja kwenye uwanja mmoja wa Sumbawanga, mwezi wa nane, wakati upepo wa Ufipa unauma masikio hata jua likiwa utosini. Ulezi ulikuwa umeshapurwa, mahindi yako ghalani, na watu walikuwa na nafasi ya kucheka. Wafanyabiashara fulani walikuwa wameleta mitambo ya michezo kwa malori kutoka Mbeya: farasi wa plastiki wanaozunguka, jumba la kurukia lililojazwa upepo, na katikati ya vyote gurudumu kubwa la chuma lenye viti, ambalo mji mzima uliliita bembea. Lilizungushwa na jenereta iliyokohoa kama mzee mvuta kiko. Nilikuwa darasa la nne. Na nasema tangu mwanzo, ili asiyetaka kusikia aache kusoma mapema: katika habari hii mama yangu hakukosea.

Kijiji chetu kiko upande wa Kaengesa. Mama alizisikia habari za bembea mashineni, alipokwenda kusaga, na tangu siku hiyo hakuwa na wimbo mwingine. Alikuwa mwanamke wa jembe, aliyezaliwa, akaolewa na kuzaa papa hapa kwenye uwanda, na sikumbuki akiomba kitu kwa ajili yake mwenyewe, hata kitenge. Safari hii aliomba. Au niseme alitangaza. "Mimi nitapanda," alimwambia Baba huku akipepeta maharage. "Nataka nione nchi kutoka juu." Baba, mtu mpole aliyependa amani kuliko haki, alisema sawa, ulezi umeuzika vizuri, tutakwenda wote: yeye, Mama, mimi na mdogo wangu Deo. Kwa majuma kadhaa Mama alipalilia bustani akiimba. Kilichotuharibia ni Babu. Asubuhi ya safari, mzee huyo, baba yake Baba, alitokea mlangoni mwa nyumba yake amevaa koti la kwendea kanisani na kofia, akasema naye anakwenda mjini kuona hayo mambo.

Asiye wa kwetu anahitaji maelezo kidogo. Katika ukoo wetu mkamwana hakai mahali pa juu kuliko baba mkwe. Mzee akikaa kwenye kigoda, yeye hukaa mkekani. Akimsalimia hupiga magoti, akainamisha macho na kupiga makofi polepole, kama wanawake wa Ufipa wanavyowaheshimu wakubwa. Kumpitia mkwe juu ya kichwa ni aibu ambayo watu huinong'ona tu. Sasa fikiria chombo kinachombeba mwanamke na kitenge chake, kikamweka angani, naye baba mkwe amesimama chini. Mama alilielewa jambo hilo palepale. Nilimwona akifungua kilemba chake na kukifunga upya, kwa nguvu, mara mbili.

Tulikwenda mjini kwa lori la mahindi. Babu alipewa nafasi mbele, karibu na dereva, na sisi tulipanda nyuma, juu ya magunia. Naomba hilo likumbukwe. Njia nzima, kwa vumbi na mashimo yote yale, mama yangu alikaa juu ya magunia na baba mkwe wake alikuwa chini, ndani ya gari, na hakuna mtu aliyekohoa. Magunia ni kazi, na mwanamke akiwa kazini hakuna anayempima urefu. Anapotaka kufurahi ndipo watu wanapokumbuka mila.

Uwanjani tulimkuta Shangazi Sabina, dada mkubwa wa Baba, mfanyabiashara wa dagaa pale sokoni, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mtaa wa pili. Alimtafutia Babu kiti cha plastiki, na kati ya sehemu zote za uwanja ule akakiweka karibu kabisa na bembea, "ili Baba aone vizuri." Babu akakaa, mikono juu ya fimbo, kofia kichwani, na hapo akaota mizizi. Mama alisubiri. Alitupeleka kwenye farasi, akatununulia mandazi, akaturudisha, Babu yupo. Alimtuma Deo akamwombe Babu wakaone jumba la kurukia. Babu alijibu kwamba hakutoka Kaengesa kuja kutazama mfuko wa upepo. Jua lilianza kuegemea upande mmoja, na dereva alikuwa ametuambia tusimcheleweshe. Niliuona uso wa Mama ukibadilika, nikaogopa kwamba atalia. Hakulia. Alinishika mkono, akaenda mpaka mbele ya kiti kile, akapiga magoti kwenye vumbi, akapiga makofi yake polepole.

"Baba, nakwenda kupanda," alisema.

Hakuomba ruhusa. Alitoa taarifa. Babu alitazama ncha ya fimbo yake, akasema, "Mama Agata, hapa chini wapo wakwe zako."

"Nawaona, Baba," alisema Mama. Akainuka, akakung'uta magoti, akanivuta tukapanda.

Kiti kilitikisika, fundi wa bembea akafunga chuma mbele yetu, na dunia ikaanza kushuka. Vichwa vya watu vikawa vidogo, kisha yakaja mabati ya mji, mengine mapya yanang'aa na mengine yameshika kutu, kisha soko, kisha kitu ambacho sikuwahi kukiona kwa mkupuo mmoja: uwanda wetu wenyewe, wa rangi ya nyasi kavu, umelala mpaka milima ya Mbizi. Tulipofika juu kabisa jenereta ikakohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Tukaning'inia. Upepo ulipiga vyuma vikalia, na mimi nikafumba macho na kuanza Salamu Maria.

"Agata, fumbua macho," alisema Mama. Alikuwa ameubana mkono wangu hadi ukauma, kwa hiyo najua naye aliogopa. "Fumbua. Hatutaletwa tena huku. Angalia ile njia, ndiyo inayokwenda Kasesya mpakani, unaona malori? Kule wanatoka Wazambia. Mwanangu, kumbe nchi yetu ni kubwa hivi na sisi tunagombania mipaka ya mashamba!" Akacheka peke yake, huko juu, kicheko ambacho nyumbani sikuwahi kukisikia.

Chini hawakucheka. Fundi alipaza sauti, "Tulieni mama, mafuta yameisha tu, tunajaza!" lakini sauti ya Shangazi ilimfunika. "Mmeona! Mmeona mambo! Mkwe amekaa chini, mkamwana yuko mbinguni, chombo kitaacha kugoma?" Watu wakaanza kusogea, wengine wakinong'ona, wengine wakifurahia, maana cha bure hakichoshi. Baba alisimama katikati akitazama viatu vyake. Na Babu? Babu alikuwa ameinuka kitini. Kuondoka hakuweza, kwa sababu mzee gani anamwacha mke wa mwanawe na mjukuu wake wananing'inia hewani? Kutazama juu pia hakuweza, maana mkwe hamtazami mkamwana kutokea chini. Basi alitugeuzia mgongo, akavua kofia, akasimama hivyo ameishika kifuani, kama mtu aliye mazikoni. Mpaka leo nikimkumbuka katika mkao ule nashikwa na huruma, na nasema hivyo waziwazi. Lakini huruma yangu haimpunguzii Mama haki yake.

Jenereta ilipowaka, bembea haikutushusha mara moja. Fundi, kwa kutufidia, alituzungusha tena na tena. Na kila kiti chetu kiliposhuka na kupita karibu na Babu, Mama aliinamisha kichwa na kupiga makofi yale ya heshima, polepole. Magoti hakuweza kupiga kwa sababu ya chuma. Kisha tukapaa tena. Wanawake fulani wauza karanga walicheka hadi wakashikana. Mimi sikuona cha kuchekesha. Alikuwa akisema mambo mawili kwa wakati mmoja: nakuheshimu, Baba, na sishuki.

Babu hakurudi na sisi. Alilala kwa Shangazi, na Jumapili iliyofuata, baada ya misa, walikuja wote kufanya kikao uani kwetu. Walitaka Mama apike pombe ya ulezi, achinje jogoo, apige magoti mbele ya ukoo na kuomba radhi. Shangazi alisema, "Muungwana akivuliwa nguo huchutama." Mama, akiwa amekaa mkekani kama ilivyopasa, alijibu bila kupandisha sauti, "Wifi, mimi sijavuliwa nguo. Nilikwenda mjini juu ya magunia, Baba yuko chini yangu. Kila mwaka napanda kwenye kihenge kupanga mahindi, Baba ananipokeza vikapu kutoka chini. Siku hizo mbona sikuitwa kwenye kikao? Pombe nitapika, kama ninavyopika kila mwaka, na kila mtu atakunywa. Ya faini sipiki." Baba alimwomba kwa macho. Mama alitazama mkeka. Ndipo Babu akasema neno lake moja la siku ile: kwamba chakula cha mkono wa Mama Agata hatakila tena mpaka aombe radhi.

Mtu wa mjini anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Bibi alikuwa amefariki, na Babu alikuwa akila kutoka jikoni kwetu tangu hapo. Mzee akikataa chakula cha mkamwana, kijiji kizima kinajua, na hatua inayofuata ni mwanamke kurudishwa kwao. Mama alilijua hilo. Usiku nilisikia Baba akimsihi. Babu akaanza kuvuka kijito kwenda kula kwa baba mdogo, fimbo mkononi, kila mtu akimwona. Na Mama akafanya jambo lililowachanganya wote: aliendelea kumpikia. Kila jioni alisonga ugali wa ulezi, akapakua maharage, akafunika kwa sahani nyingine, akanituma. Kila jioni Babu alisema, "Ahsante, mjukuu wangu. Rudisha." Deo, aliyekuwa akimalizia sahani hizo, alinenepa mwaka ule kuliko mwaka wowote. Nilipolalamika kwamba nachoka kwenda na kurudi, Mama alisema, "Bandu bandu huisha gogo. Peleka."

Mvua zilikuja. Kijito kikajaa, hakivukiki. Wapo wanaosema Babu alishindwa na mvua, na wanasema kwa sababu hawakuwepo. Jioni ya kwanza ya mafuriko nilimpelekea sahani na alisema, "Rudisha," akalala na njaa yake, mkaidi yule. Jioni ya pili nilimkuta amekaa gizani karibu na moto. Niliweka sahani nikasimama nikisubiri kauli ileile. Badala yake alinawa mikono. Alikula taratibu, tonge kwa tonge, mpaka akaufuta mchuzi, na mimi nikawa naogopa hata kupumua. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Mama yako aliona nini kule juu?"

Nikamwambia: Mbizi, soko, njia ya Kasesya, malori.

"Na kijiji chetu?"

"Hapana, Babu. Hakionekani."

"Basi hakwenda juu sana," alisema, na kunipa sahani.

Nilipomsimulia Mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga. "Mwambie akapande mwenyewe," alisema. Sikwenda kumwambia. Kesho yake Babu alikula tena, na keshokutwa, na hivyo mpaka mwisho wa maisha yake, na hakuna kati yao aliyelitaja tena jambo lile.

Siku hizi Sumbawanga ina lami na majengo ya ghorofa, na mabinti wetu wanapanda ndege kwenda Dar es Salaam, wanapita juu ya vichwa vya wakwe zao wote kwa mpigo. Wengine wamejenga na wakwe wanaishi chumba cha chini. Hakuna anayeitisha kikao. Unaweza kudhani ugomvi wa wakati ule umekwisha, na kwamba tulioushuhudia tumebaki na kichekesho cha kusimulia. Lakini nimegundua kwamba watu wakishindwa kukuinamisha ukiwa na nguvu, husubiri uzeeke, kisha husimulia kwamba uliinama. Katika ukoo wetu habari hii imekuwa somo la kuwafunda mabibi harusi, na imeongezwa mwisho mwingine: pombe ilipikwa, jogoo akachinjwa, Mama Agata akapiga magoti akalia, ndipo mzee akakubali kula.

Mwaka huu tulimwoza binti wa Deo. Katika hafla ya kumuaga, Shangazi Sabina, sasa bibi kizee lakini sauti ileile, alishika kipaza sauti akamfunda mtoto juu ya heshima kwa wakwe, na akafika pale. "Hata bibi yako huyu," alisema, akimwonyesha Mama kwa kidole, "aliomba radhi, ndiyo maana nyumba yake ikasimama." Wageni wakapiga vigelegele. Mama yangu, ambaye magoti hayamtii tena, alinishika bega akainuka. Ilichukua muda, na ukumbi ulinyamaza ukidhani anataka kubariki. Hakuomba kipaza sauti.

"Sikuomba, wifi," alisema. "Na alikula."