Chumba Kilichopita Ukaguzi

Mimi ni mpishi wa kituo cha kulelea watoto, mwaka wa kumi na tisa huu, na mdomo wangu hauna breki, kila mtu anajua. Lakini mwenzangu tuliyemwita Shangazi sijawahi kumsema vibaya, na leo sianzi. Kazi yake ilikuwa nzito kuliko yangu. Mtoto akitimiza miaka kumi na minane, sheria inamtoa kituoni. Shangazi ndiye aliyemtafutia chumba, akambebea godoro, akamfundisha kuongea na mwenye nyumba, kisha akawa anamtembelea. Mara tatu ndani ya miezi sita. Ziara ya tatu ndiyo ya kukata shauri: ama aandike kijana aongezewe mwaka mmoja wa msaada, ama jalada lake lifungwe.

Kifaranga aliletwa kwetu ana miaka mitatu, kichwa kikubwa, miguu njiti. Jina nilimbandika mimi, likamganda. Binti alipotoka alipata kazi kwa fundi cherehani, kutia vifungo na kupiga pasi. Shangazi hakujaliwa mtoto, na ingawa hakusema, huyu alimpenda kupita wote.

Sasa niseme linalonichoma. Kituoni kwetu wakaguzi hupiga simu kwanza. Simu ikishalia ni patashika: shuka zinavutwa mpaka zinanyooka, viatu vinapangwa mstari, watoto wanapakwa mafuta, na kila mmoja anajua jibu lake: "Nashukuru, sina shida." Nani aliwafundisha? Sisi. Shangazi alikuwa hodari wa mambo hayo, na mimi siku hizo napika nyama. Na waliotoka nao, utaratibu ni uleule. Unapiga simu leo, unakwenda kesho.

Aliporudi kutoka ziara ya tatu aliingia jikoni kwangu anatabasamu peke yake.

"Mpishi, njoo usikie. Chumba cha Kifaranga kinang'aa. Kitanda kimetandikwa vile ninavyotaka mimi. Hata sufuria, karatasi ya bei bado imeganda chini yake."

"Bado ipo? Miezi sita?"

"Mtoto anatunza vitu."

"Shangazi, ile karatasi haimalizi hata siku moja motoni. Huyo mtoto anapikia nini?"

"Wewe nawe, kila kitu sufuria. Labda anakula kazini."

"Fundi wake ulimwona?"

"Nilikuta duka limefungwa. Mpishi, niache nifurahi leo."

Nikamwacha. Mimi ninayewafokea watoto kwa uji uliomwagika, siku ile nikarudi kwenye vitunguu vyangu. Jioni akatia sahihi jalada lifungwe. Aliandika kwamba binti anajitegemea.

Wiki ya saba baada ya sahihi ile, mwenye nyumba akapiga simu: Kifaranga amelazwa. Kumbe fundi alifunga duka na kuhama tangu mwezi wa tatu wa binti kazini. Binti alizunguka kutafuta kazi, hola, akabaki kunywa chai ya rangi na kulala. Kifua kikamshika, naye hakwenda kutibiwa mpaka alipoanguka mlangoni. Watu husema mficha uchi hazai. Sawa, lakini huyu kuficha tulimfundisha wenyewe tangu ana miaka mitatu, tena tukampigia makofi.

Shangazi alikwenda kwa mkurugenzi kuomba jalada lifunguliwe, kituo kimuuguze. Alipiga magoti, mtu mzima yule. Mkurugenzi hakumfokea. Alimwonyesha kwa kidole sahihi yake mwenyewe, akasema nafasi ile imeshapewa mwingine.

Tulikwenda hospitali wawili. Binti alikuwa amebaki macho. Shangazi akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Mwanangu, kwa nini hukuniambia? Nilikuja kwako mara tatu."

"Ile mara ya pili nilitaka kukuambia," Kifaranga akasema, akipumzika kila baada ya maneno mawili. "Ila uliingia, ukatazama chumba, ukafurahi. Ukanishika mashavu. Sijawahi kuona mtu anafurahi vile kwa sababu yangu. Nikaona nikisema, nitakuharibia."

Shangazi alimwomba radhi, akalia mbele ya wagonjwa wote bila kuficha uso. Mimi nilitoka nje, nikajisema vibaya kwa kila neno ninalolijua. Siku ya tatu yake, mchana, binti akafariki. Waliomzika hatukufika kumi.

Mwezi uleule Shangazi akaacha kazi. Nilimkuta anatoa vitu vyake kwenye droo, nikamgombeza kama kawaida yangu.

"Unawaachia nani hawa wanaotoka mwaka huu? Safari hii si utakuwa na macho?"

"Macho ninayo," akasema. "Lakini nikiingia kwa mtoto nikakuta pasafi, siwezi tena kufurahi. Na wao, Mpishi, wakifungua mlango, kitu cha kwanza wanachotazama ni uso wangu."