Miraa Haingoji, Tumbaku Hulala

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka mguu wangu huanza kucheza wenyewe, hata nikiwa kanisani. Mama yako hunifinya. Siku hiyo nilikuwa nimesimama mlangoni kwa babu yako Mzee Ireri, kule Manyatta, jasho likinitoka, nimeshika ncoolo kwa mikono miwili kama mtu aliyepakatishwa mtoto wa wenyewe.

Simu yako inalia tena. Iache ilie. Huyo mtu wa hoteli anayetaka sigara zake wiki hii atapiga tena, na la kumjibu nitakuambia. Kwanza nisikilize upesi, maana mimi pia kukaa kitako muda mrefu siwezi.

Ncoolo unaijua, ingawa nyinyi wa siku hizi mnaiona kwenye picha za harusi tu. Ni miraa iliyochaguliwa kijiti kwa kijiti, ikafungwa kwa majani ya mgomba, ikakazwa kwa kamba. Kwetu Tigania kijana akitaka mke, anaipeleka kwa baba wa msichana. Baba akiifungua, amekubali. Asipoifungua, chukua kofia yako urudi kwenu. Na kwa vile miraa haikai, nilijua jibu langu litakuja siku hiyo hiyo, au likichelewa sana, kesho yake asubuhi. Nilikuwa nimeshamwambia dereva mwenzangu anishikie nafasi.

Nilikuwa kijana wa Kianjai, mtu wa pikapu. Miraa inachunwa alfajiri, inafungwa, na kabla jua halijawa kali iko barabarani inakimbia. Ikilala, imekufa. Wengine wanafundishwa kwamba polepole ndio mwendo. Sisi methali yetu ilikuwa chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nilikula nimesimama. Nilisali macho wazi. Mama yako nilimkuta sokoni Gakoromone akiuza ndengu, na kabla hajamaliza kunipimia nilikuwa nimemwambia nataka kumuoa. Akaniambia nishike foleni kama wengine.

Sasa, baba yake. Watu wa huko walimwita Mzee wa Sigara, lakini usifikirie hizi za pakiti. Yake ilikuwa sigara nene ya jani tupu, isiyo na karatasi wala kichungi, aliyojifunza kufunga akiwa kijana, kwa mzungu mmoja aliyekuwa na shamba. Tumbaku ilitoka chini Mbeere kwenye joto, akaipandisha Manyatta kwenye ubaridi ilale. Alikuwa na meza, kisu, na masanduku ya mwerezi aliyoyaranda mwenyewe. Kwa siku alifunga chache sana, na akiona moja imekaa vibaya aliifumua akaanza upya. Mimi nilimwangalia nikaona huyu mzee atakufa maskini.

Alipokea ncoolo yangu kwa heshima zote. Akaigeuza, akaipima kwa kiganja, akamwambia mjomba aliyenisindikiza kwamba imefungwa na mtu anayejua kazi yake. Halafu badala ya kuifungua, akaitundika kwenye boriti juu ya meza. Akafungua sanduku, akanipa sigara moja, akasema, "Ivute mpaka mwisho, kijana. Halafu uniambie umekuta nini ndani."

Ee mwanangu! Niliivuta kama ninavyofanya kila kitu. Fu, fu, fu, nikameza moshi, kumbe ule moshi haumezwi. Ikapata moto ikawa kama mwiko uliosahaulika jikoni. Haikufika nusu kabla sijakimbilia nyuma ya banda la kuku, nikarudisha chai, nikarudisha na mandazi. Mjomba aliangalia mawingu. Mama yako alicheka hadi akashika ukuta, na bado hajamaliza kucheka.

Nikarudi ninayumba. Mzee hakucheka. Akaniuliza nimekuta nini. Nikasema moshi.

"Basi hujafika," akasema.

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi langu nilipewa siku hiyo hiyo. Mjomba alirudi peke yake. Nikapewa kitanda kwenye ghala na kazi ya kutundika majani, kuyashusha, kuyapanga marundo, kuyageuza yakipata joto, kisha kuyaacha. Hiyo ya kuyaacha ndiyo iliyonishinda. Rundo la tumbaku likilazwa linapata joto lenyewe kama ng'ombe aliyelala, linatoa jasho, ule ukali unatoka polepole. Ukilisumbua kabla ya wakati, linabaki kali. Mzee alitia mkono ndani, akaunusa, akasema bado. Kesho bado. Kesho kutwa bado. Nami kila nikiinua macho naiona ncoolo yangu pale kwenye boriti, majani ya mgomba yanakunjamana, yanageuka rangi. Subira huvuta heri, ndiyo, lakini hata wahenga walikiri kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu liliuma kweli. Usiku nilizunguka ghala kama mbwa aliyefungwa.

Palikuwa na sanduku moja asilolifungua. Ndani yake kulikuwa na majani ya nje, yale laini yanayoivisha sigara nguo. Mzee aliyachagua mwaka ambao mama yako alimaliza shule, akayalaza kwa ajili ya siku ya mahari yake, ili wazee wa pande zote mbili wavute kitu kimoja. Haikuwa siri, nyumba yote ilijua.

Basi Mzee akateremka Mbeere kuangalia mashamba. Akaniambia nifungue madirisha mvua ikiisha, na nisiguse kitu. Mimi na kutogusa kitu! Nilivumilia asubuhi moja. Kufikia saa ya chai nimeinua kifuniko cha lile sanduku, nikaona majani membamba, ya kahawia, yamelegea. Nikaingiwa na huruma. Kwetu jani likinyauka ni hasara, unaona aibu hata kulionyesha watu. Nikajiambia, huyu mzee amezeeka, amesahau majani yake yanakufa.

Nikakata majani ya mgomba mabichi kabisa. Nikanyunyizia tumbaku maji, kidogo kidogo kwa vidole, kama tunavyofanya miraa. Nikaifunga vifurushi, nikakaza kamba kwa meno. Sijawahi kufunga kitu vizuri namna ile, na ndipo nikalala usingizi mzuri kwa mara ya kwanza tangu nifike, kwa sababu nilidhani nimemsaidia mkwe.

Mzee aliporudi baada ya siku kadhaa, harufu ilimpokea mlangoni. Alifungua kifurushi cha kwanza na ndani kulikuwa na ukungu mweupe, wenye manyoya. Cha pili, ukungu. Alivifungua vyote mpaka cha mwisho, hakuruka hata kimoja. Mimi nilitamani anipige, ningejua kwamba yameisha. Akaketi, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Kijana," akasema, "wewe unalijua jani likiwa hai tu. Kazi yangu mimi inaanza likishakufa. Hukuniuliza, kwa sababu kuuliza kunachukua muda."

Nikamwomba msamaha. Nikamuuliza kama kuna mengine. Akasema hakuna, yatapandwa mengine mvua ikija, yakatwe, yatundikwe, yalale. Nikamuuliza itachukua muda gani. Akaniangalia kama anavyoangaliwa mtu ambaye hakuyasikia aliyoambiwa sasa hivi, na kweli sikuwa nimeyasikia.

Nikachukua begi langu nikatoka. Ndiyo, nilitoka. Niliona miaka yangu inaozea kwenye ghala la mtu, na Kianjai wenzangu wananunua pikapu zao wenyewe. Mama yako alinifuata mpaka barabarani. Hakulia, hakunishika mkono. Aliniambia maneno ambayo hadi leo yakinijia nasimama.

"Ukienda, nenda, Kobia. Lakini huko kwenu usiseme baba alikukataa. Sema ulishindwa kukaa."

Pikapu ya miraa ikatokea kwenye kona, dereva akanijua, akapunguza mwendo. Mwanangu, miguu yangu ilikuwa imeshaanza kukimbia. Sijui niliizuia kwa kitu gani. Dereva akapiga honi, akangoja kidogo, na wewe unajua gari la miraa halingoji, akaenda zake. Nikabaki na vumbi na begi. Nikarudi ghalani nikakuta Mzee ameshaanza kuranda sanduku jipya.

Usidhani nilitulia. Watu hupenda kusimulia kwamba kijana mkorofi alifundishwa na mzee, akawa mpole kama kondoo. Wacha hizo. Nilipanda miche nikiwa na hasira. Nilitundika majani nikiwa na hasira. Kulipokuwa bado, niliambiwa bado, nikaenda kupasua kuni mpaka jirani akaja kuuliza kama tunajenga. Lakini sanduku sikuinua kifuniko. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama nikilalamika njia nzima. Jioni Mzee alinifundisha kufunga: jani la ndani linakunjwa lipumue, jani la kati linashika, la nje linavutwa taratibu lizunguke bila kukunjamana. Ukikaza, moshi haupiti. Ukilegeza, inaungua haraka. Nilizokaza alizifumua mbele yangu.

Majani mapya yakalala, yakaamka. Mchana mmoja Mzee aliniita mezani, akanipa sigara, akasema yale yale ya siku ya kwanza. Mama yako alisimama mlangoni. Hakuna aliyecheka.

Nikaiwasha nikiizungusha, moto usiiguse sana. Nikavuta kidogo, nikauacha moshi mdomoni, nikautoa. Nikaweka mkono chini. Goti langu lilikuwa linacheza chini ya meza na Mzee aliliona, akaliacha licheze. Nikangoja ndipo nikavuta tena. Mwanzoni nilikutana na harufu ya udongo wa Mbeere mvua ya kwanza ikigonga. Nikafika katikati nikakuta kahawa, na nyuma yake asali, ile ya mizinga ya huko chini, nyeusi, yenye uchungu kidogo. Majivu yalikaa bila kuanguka. Kisha karibu na mwisho kitu kikabadilika. Utamu ulikuwepo lakini moshi ulikuja kwa shida, ikabidi nivute kwa nguvu, na pilipili ikapanda puani.

Akaniuliza nimekuta nini. Nikamweleza udongo, kahawa, asali. Nilijua nikimkosoa mzee wa watu kwake huenda ncoolo yangu ikabaki juu pale milele. Lakini kasoro ilikuwepo, nimeionja.

"Na haraka," nikasema. "Huku mwishoni aliyeifunga alikaza. Alitaka amalize aende."

Mzee akaitikia kwa kichwa, polepole.

"Hiyo uliifunga wewe."

Akasimama juu ya kigoda, akaishusha ncoolo. Majani ya mgomba yalikuwa yamekauka, yakavunjikavunjika mikononi mwake alipofungua kamba. Ndani miraa ilikuwa nyeusi, ngumu kama vijiti vya kuwashia moto. Akachagua kijiti kimoja akakitia mdomoni. Nikamwambia, "Baba, hiyo imekufa zamani, itakuumiza."

"Najua," akasema. "Na wewe yangu ulivuta ukatapika."

Akakitafuna chote, machozi yakimtoka kwa uchungu wa kile kijiti, na hakutema. Mimi nililia bila aibu, mbele ya mama yako.

Babu yako hayupo tena. Kifua kilimsumbua mwishoni, sikufichi. Tumbaku si maziwa, na mimi daktari amenikataza, siku hizi nanusa tu. Sikufundishi kuvuta. Wewe, Ireri, unayebeba jina lake na kisu chake, nakufundisha kazi. Sigara haidanganyi. Mkono wako ukiwa na haraka, mtu usiyemjua, mbali huko, ataikuta haraka yako mdomoni mwake, na wewe hutakuwepo kumweleza shida zako.

Kwa hiyo huyo wa hoteli mjibu bado. Akikasirika, akienda kwingine, tumbo likikuuma, mjibu bado. Sikwambii utulie, mimi sijatulia hadi leo, muulize mama yako. Goti lako likitaka kucheza, liache licheze. Kifuniko tu usikiinue. Na kabla hujamwokoa mtu na kazi yake, muulize kwanza.

Njoo karibu. Nakutemea mate ya baraka kifuani kama wazee walivyotutemea. Mungu wa baba zetu akupe mvua kwa wakati wake na jani lililolala likaamka vizuri. Akupe mke atakayekufuata barabarani akuambie ukweli. Na siku utakayopeleka kitu chako kwa watu kikacheleweshwa mpaka kikauke, umpate mzee atakayekitafuna bila kutema.

Haya, pokea simu.