Breki za diski kwenye baiskeli ya umeme ya marehemu kaka yangu

Ijumaa ya mwisho kabla ya Ramadhani nilimpoteza kaka yangu Idrisa.

Habari zenu wakuu. Humu mimi ni msomaji tu. Elimu yangu darasa la saba, kazi yangu kupiga pasi nguo za watu Ilala. Ninayoandika ndiyo yaliyotokea, pamoja na yale ya kunitia aibu.

Kaka alikuwa na baiskeli ya umeme aliyoiunda mwenyewe. Fremu ya mtumba, betri nyuma ya tandiko, na hub motor, ile mota ya duara inayokaa katikati ya gurudumu la nyuma. Kila asubuhi alibeba sambusa na kachori anazopika mkewe, akazigawa kwenye maduka ya Mchafukoge na Kariakoo.

Mbio ilikuwa nazo. Ila breki zilikuwa za mpira, zile zinazobana ringi.

Siku ile mvua ilinyesha. Kona ya Msimbazi mkokoteni ukakatiza mbele yake. Akabana breki, mpira ukateleza kwenye ringi iliyoloa. Akaangukia kichwa. Jioni haikumkuta.

Shemeji akakaa eda. Hatoki, na mimi naongea naye nikiwa nje ya pazia. Lakini jiko halikuzimwa, maana watoto lazima wale. Mwezi mzima wa mfungo nikawa nabeba kapu la futari kwa miguu. Nafika watu wameshafuturu. Wateja wakaanza kuchukua kwingine, na siwalaumu.

Baada ya Idi nikamwambia nataka kuitumia baiskeli.

"Hiyo baiskeli haitoki humu mpaka isimame ikiambiwa simama," akasema. "Nimeshazika mmoja, shemeji. Sitaki wa pili."

Basi nikaanza kuulizia breki za diski, zile zinazobana sahani ya chuma badala ya ringi.

Wakuu, mota ile upande wa kushoto ina matundu sita ya bolti. Miaka yote nayaona, nikidhani ni urembo. Kumbe ndipo diski inapofungwa.

Nikaenda kwa Mzee Nassor, ana duka la spea za baiskeli Kariakoo. Akanipa diski, bolti sita, waya, na caliper, yaani ule mdomo unaobana diski.

Shida ikaja kwenye fremu. Ni ya zamani, haina mahali pa kufunga caliper. Nikaipeleka mtaa wa Gerezani kwa fundi wa kuchomelea, akaunga kipande cha chuma. Hapa msikilize vizuri: chomoa betri na waya zote za mota kabla ya kuchomelea, la sivyo utaunguza kontrola, kile kisanduku kinachoiongoza mota.

Nikafunga. Caliper ikagusa tumbo la mota, maana mota ni nene kuliko kitovu cha gurudumu la kawaida. Nikafungua, nikaweka pete nyembamba ya chuma nyuma ya diski ili isogee nje, na bolti ndefu kidogo. Gurudumu likazunguka bila kugusa popote. Kazi ya siku mbili, na mimi si fundi.

Nikaijaribu uchochoroni. Ukibana, inasimama.

"Shemeji, inasimama. Wallahi."

"Umeapa," akasema.

Wiki ya kwanza ilikwenda vizuri. Wateja wawili wakarudi.

Ikafika Ijumaa. Kaka alikuwa na desturi: akitoka msikitini anaifuta baiskeli yote kwa kitambaa cha msuli wake mkuukuu, kimelowa mafuta ya nazi, ili chumvi ya hewa yetu isiile. Kitambaa kilikuwa bado kinaning'inia kwenye msumari uani. Nikakichukua. Nikafuta usukani, fremu, spoku. Nikafuta kila kitu kama alivyofuta yeye. Kusema kweli nililia kidogo, na nikajisikia vizuri.

Jumamosi asubuhi, barabara kavu kabisa, mama mmoja mwenye ndoo akavuka mbele yangu. Nikabana breki. Ikawa kama nimebana hewa.

Nikamkwepa. Marobota ya mitumba ndiyo yaliyonipokea. Kandambili ilikatika, sambusa zikamwagika, mama yule akanitukana vya kutosha. Hakuna aliyeumia.

Nikaikokota baiskeli moja kwa moja mpaka dukani kwa Mzee Nassor. Hata shikamoo sikutoa.

"Umeniuzia feki!" nikapiga kelele mbele ya wateja wake. "Unataka tuzike tena?"

Mzee Nassor akainama, akapitisha kidole kwenye diski, akakinusa.

"Mwanangu, hii breki umeikaanga?"

"Nimeifuta tu."

"Kwa mafuta ya nazi?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi kesho paka mafuta kwenye kandambili, ushuke ngazi za ghorofa mbio, halafu uje unilaumu mimi."

Watu wakacheka. Nilitamani nizame ardhini. Nikamweleza kitambaa ni cha nani. Naye akaacha kucheka, akasema, "Allah amrehemu," akaingia ndani akatoka na pedi mpya, vile vipande vya ndani ya caliper vinavyoigusa diski, na spiriti. Za zamani akazitupa, akasema zikishanyonya mafuta hazirudi. Diski tukaisafisha pamoja. Nikamwomba radhi mbele ya walewale waliosikia kelele zangu.

Kabla sijamaliza, fundisho langu ni hili: mnyororo unataka mafuta, diski haitaki hata alama ya kidole. Na ukimlilia mtu, usipitishe mkono tu kama alivyofanya yeye. Kaka hakuwahi kuwa na diski. Waliofunga kwenye hub motor naomba mnisahihishe, hasa ile pete ya nyuma ya diski, inadumu? Mtu mwingine asije akajifunza kwa njia yangu.

Njiani kurudi nyumbani nilifikiria kumficha shemeji. Kapu lilikuwa tupu, angeamini nimeuza. Lakini nilikuwa nimeapa.

Nikamweleza yote nikiwa nje ya pazia, mpaka matusi ya yule mama.

"Kitambaa kiko wapi?" akauliza.

Nikakitoa kwenye msumari, nikampa kupitia pembeni ya pazia.

"Haya, ipande hapo uani. Nataka kuisikia."

Nikaipanda, nikazunguka, nikabana. Ikasimama.

"Tena."

Ikasimama.

"Tena."

Sikumbuki ni mara ngapi. Mwisho nikamsikia akirudi jikoni, nikaiegesha, nikaenda kwenye pasi zangu.

Asubuhi nilikuta kapu mlangoni, limejaa, limefunikwa kawa. Kitambaa kilikuwa juu ya tandiko, kimefuliwa, kimekauka, kinanuka sabuni tupu.