Musuli wa Kuitikia Wakubwa

Mungu alipomaliza kutengeneza fuvu la mtu alibakiwa na vipande vya nyama, na hakutaka kutupa kitu. Kimoja akakibandika nyuma ya koo, juu kabisa: kinashika pingili ya kwanza ya shingo na kitako cha fuvu. Ni kamusuli kafupi kama kijiti cha kiberiti kilichovunjika. Kazi yake ni kuinamisha kichwa na kukizuia kisiyumbe. Masisi ya miaka ya hamsini, huko Kongo ya Wabelgiji, ilikitumia sana, maana kila mkubwa aliyevaa kofia alitaka kuitikiwa kwa kichwa.

Sidonie wa kijiji cha Kibabi alikitumia kwa ubishi. Alibeba maharagwe yake hadi soko la Sake, mzigo mgongoni, mkanda wa kuubebea kwenye paji la uso. Mzigo ulivuta kichwa nyuma. Kale kamusuli kakakataa.

Siku moja aliteleza kwenye tope, mkanda ukamvuta kichwa ghafla, shingo ikaumia. Barthélemy, muuguzi wa kijiji, akamwambia apumzike, kisha alale chali na kuvuta kidevu kifuani, polepole, mpaka nguvu irudi.

Mumewe Polycarpe akafurahi kama mtu aliyepewa uchifu.

"Pumzika, mama. Sasa ni mimi nitapeleka maharagwe Sake."

Kijiji kizima kilijua: maharagwe yakipita mkononi mwa Polycarpe, yanageuka pombe ya ndizi.

Sidonie akalala chali, kidevu juu, kidevu chini. Jirani yake Dorothée akacheka. "Dada, unaitikia nani huko kwa dari?"

"Siitikii muntu. Niko nakatalia Polycarpe."

Baada ya mavuno Sidonie akafunga kikapu cha maharagwe. Polycarpe akasimama mlangoni.

"Shingo yako iko mugonjwa. Huendi."

"Basi, Papa, beba wewe."

Wanaume wa pale hawakuvaa mkanda wa paji. Ulikuwa wa wanawake. Lakini majirani walishakusanyika. Polycarpe akauvaa, akainuka, kichwa kikaenda nyuma, akabaki anatazama mawingu kwa bidii kuliko padri.

"Papa, malaika wanasema nini?" Dorothée akauliza.

Polycarpe akaketi kwa kishindo.

Sidonie akauvaa mkanda, akavuta kidevu ndani kidogo, akasimama. Shingo iliuma, lakini hakumpa mtu nafasi ya kumpa pole.

"Sasa mimi nitakunywa nini?" Polycarpe akalalamika.

"Maji iko mutoni," akasema, akashika njia ya Sake.