Siku Niliyotafsiri Kiluba Nisichokijua

Mwanangu, kuna siku moja ambayo hata leo, meno yangu yakiwa yamebaki ya kuhesabika, nikiikumbuka nacheka peke yangu mpaka wajukuu wanadhani nimeanza kuchanganyikiwa. Ilikuwa miaka ya Zaire, hapa hapa Kalemie, wakati tulipoambiwa tuyaache majina ya ubatizo na tuitane "citoyen", yaani raia, barabarani. Mimi Feza, binti wa fundi cherehani, nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza shule, sina kazi, na mdomo wangu ulikimbia mbele ya kichwa.

Karibu na gare, kituo cha treni, mama mmoja Mubembe aliyeitwa Mama Asende alifungua restora ya chakula. Mlangoni alitundika ubao wa chaki: anatafuta msichana wa kuhudumia wateja, anayejua luga nyingi. Alikuwa na sababu. Treni ilileta Waluba wa Kabalo na Manono, meli ilileta wachuuzi wa Kigoma, askari walitaka Lingala, na wakubwa wa biro za serikali hawakuitikia salamu isipokuwa kwa Kifaransa.

Tukapanga mstari. Mbele yangu alisimama Ngoie, binti wa Kabalo, mpole, Kiluba chake cha kuzaliwa nacho. Aliposemeshwa Kifaransa akakwama, akaambiwa arudi nyumbani. Zamu yangu ikafika.

"Unajua luga gani?"

"Kiswahili, Kifaransa, Kitabwa, Lingala na Kiluba."

Kitabwa nilikinyonya kwa mama yangu, mtu wa Moba. Kifaransa nilikipata kwa masista. Lingala yangu ilikuwa ya nyimbo za redio, yaani niliweza kumwambia mteja kwamba moyo wangu unalia, lakini si kumwuliza kama anataka chumvi. Na Kiluba nilikisikia tu kupitia ukuta wa jirani.

"Sema Kiluba kidogo nisikie."

Nikasema Kitabwa, kwa pua. Mama Asende, asiyejua hiki wala kile, akafurahi sana. Nikapewa kitambaa cha kufunga kiunoni. Nilimwona Ngoie akivuka barabara kuondoka, nikatazama pembeni.

Wiki mbili zikapita vizuri, maana kila Muluba aliyekuja alijua Kiswahili. Ndipo siku moja, saa sita ya mchana, akaingia Papa Ilunga, kiongozi wa kwaya kutoka Kabalo. Waimbaji wake arobaini walikuwa njiani kuja kwenye sikukuu ya parokia, nao wangehitaji kula mjini wiki nzima. Alikuwa amemshika mkono mama yake, bibi mdogo wa umbo, wa kijijini ndani kabisa, asiyejua luga nyingine ila Kiluba.

"Mama yangu njo ataonja," akasema. "Yeye akisema chakula iko muzuri, kwaya yote itakula hapa. Mimi narudia gare kuangalia mizigo."

Akatoka. Mama Asende akanibana mkono. "Feza, leo njo siku yako."

Nikaleta bukari, ugali wetu, na mikebuka, wale samaki wa ziwa letu, kwenye mchuzi wa mawese. Bibi akaonja, akafumba macho, akasema, "Wafwako!"

"Anasema nini?" akauliza Mama Asende.

Mwanangu, ningeweza kusema sijui. Neno fupi, halina gharama. Lakini sikio langu lilishika "kufwa", yaani kufa, ndani ya lile neno, na mdomo ukatangulia.

"Anasema... mutu atakufwa."

Mama Asende akaivuta sahani haraka. Akaleta kuku. Bibi akashangaa, akaonja kuku, akatabasamu, akapiga makofi taratibu. "Wafwako! Wafwako!"

"Na sasa?"

"Sasa anasema watakufwa wawili."

Hapo mpishi, Papa Mulonda, akatoka jikoni na mwiko mkononi. Alikuwa amekula wale samaki tangu asubuhi. Akajishika tumbo. Alikuwa mzima kama ng'ombe, lakini mbele ya macho yetu akaanza kutoka jasho, akajilaza kwenye benchi, akaagiza azikwe Moba karibu na kaka yake. Wateja wakaacha vijiko. Mmoja akaenda kujitapisha nyuma ya nyumba. Mama Asende akabeba sufuria nzima ya samaki, akaimwaga shimoni, machozi yakimtoka. Na bibi wa watu aliendelea kukaa mbele ya meza tupu, akimwambia "Wafwako" kila aliyempitia, na kila akisema tunazidi kukimbia.

Papa Ilunga aliporudi alimkuta mama yake na njaa yake, restora tupu, na mpishi akisali. Akamwuliza mama yake. Bibi akaeleza kirefu, akinionyesha kwa kidole. Papa Ilunga akacheka mpaka akashika mlango.

"Wafwako njo asante," akasema. "Mama anasema tangu azaliwe hajaona watu kama ninyi. Kila akisema asante, munamunyanganya sahani."

Papa Mulonda akakaa. Tumbo likapona palepale, na kwa hasira akanitafuta na mwiko.

Nilipiga magoti mbele ya bibi nikilia. Akanigusa kichwani, akasema neno, mwanawe akalitafsiri: "Mutoto, ungeniuliza kwa mukono tu, ningekujibu kwa kichwa." Sijapigwa kibao kilichouma kama kile.

Nikamweleza Mama Asende uongo wangu wote, na habari ya Ngoie pia. Hakunifukuza. Alinituma nikamlete Ngoie. Nilimkuta akifua, nikamwomba msamaha, akaanika nguo ya mwisho na kunifuata. Kwaya ilikula kwetu wiki nzima. Ngoie akanifundisha Kiluba, mimi nikamfundisha Kifaransa, na miaka mingi baadaye yeye ndiye aliyemsimamia kifungua mimba wangu kwenye ubatizo.

Kwa hiyo, mwanangu, ukienda kutafuta kazi, taja unachojua, na usichokijua sema hukijui, kisha uombe kufundishwa. Uongo wako hauli nafasi yako peke yake, unakula na ya mwenzako aliyesimama kwenye mstari. Na siku ukikosea, kiri mapema, kabla mtu hajalazwa kwenye benchi.

Nenda sasa. Mungu akuwekee mkono begani, akupe kazi ya kukulaza kwa amani, na akuzungushie watu watakaokucheka bila kukuchukia.